Niliajiriwa kwa Kutojua Kiingereza

Ninyi vijana mliokabidhiwa ufunguo wa chumba changu, nawaandikia kwa sababu Madamu Mkuu ameniomba, na kwa sababu juzi nilipita nikaona kikombe cha chai juu ya mashine ya kopi. Kiondoeni kwanza. Halafu kaeni, msome.

Mimi ndiye Bi Tatu. Nilikuwa mhudumu wa chumba cha kuchapia mitihani katika shule yetu ya sekondari hapa Bagamoyo tangu mashine ni ya kuzungusha kwa mkono, mpaka hii ya leo inayolia kama kifaranga ikiishiwa karatasi. Cheo changu siwaambii, kwa kuwa hakikubadilika. Mshahara nao siwaambii, kwa kuwa mnaujua. Nilisoma mpaka darasa la nne kijijini Fukayosi, na hilo la nne lenyewe nililisoma kwa vipande, palizi ikiingia nipo shambani. Mkiona nimekosea kuandika, nyamazeni, kama mimi nilivyonyamazia makosa ya walimu wenu miaka yote hiyo.

Siku ya kuomba kazi tulikuwa wanawake watatu kwenye benchi. Mkuu wa shule wa wakati ule, mzee mfupi aliyeipenda kalamu yake kuliko watu, alituita mmoja mmoja akatupa karatasi ya Kiingereza tuisome. Wa kwanza aliisoma kama maji. Wa pili alijikwaajikwaa, akafika. Mimi niliishika, nikaitazama juu mpaka chini, nikamrudishia.

"Mwalimu, hii siijui."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Akafunika kalamu. "Wewe utaanza Jumatatu."

Nilitoka mle nikidhani nimedhihakiwa. Wenzangu walidhani nina mjomba wilayani. Baadaye ndipo nikaelezwa: mhudumu aliyenitangulia alikuwa akisoma anachokichapa, na alichokisoma kilikuwa kikiwafikia wanafunzi kabla ya mtihani. Mkuu akaapa kwamba atakayefuata awe kipofu wa Kiingereza. Kwa hiyo mwenzenu niliajiriwa kwa kutojua, na katika nchi hii sijasikia mwingine aliyepata kazi hivyo, walau hadharani.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Anjela, karani wa taipu, mwanamke wa bara aliyelelewa na watawa, mkavu wa maneno, vidole vyake vikipiga kama mvua juu ya bati. Yeye ndiye aliyepiga mitihani kwenye stensili. Ninyi stensili hamkuiona. Ni karatasi nyororo yenye nta. Herufi za taipureta zinaitoboa, unaivisha kwenye roli, unazungusha mkono, na wino unapenya pale palipotobolewa. Karani akikosea anapaka dawa ya rangi ya waridi inayonuka kama rangi ya kucha, anasubiri ikauke, anapiga tena juu yake. Ukiivisha vibaya inajikunja, na darasa zima linapata mtihani uliopinda mdomo.

Kazi yangu kabla ya kuzungusha ilikuwa kuhakiki. Nikamuuliza, "Mama Anjela, nitahakiki vipi kitu nisichokijua?" Akaweka karatasi aliyoandika mwalimu kushoto, nakala ya kwanza kulia, akanishika vidole vyangu vya shahada, kimoja huku, kimoja kule.

"Usisome. Fananisha. Herufi kwa herufi, vidole viende pamoja. Anayesoma huona anachokitegemea. Wewe utaona kilichopo."

Ikawa kweli. Nimewakuta walimu wenye joho lao la chuo kikuu wameupitia mtihani mara tatu na namba saba haimo. Ninawapelekea, nawaambia, "Mwalimu, kidole changu kimeanguka shimoni hapa." Wanacheka, wanarekebisha. Asante ilikuwa haba, lakini sikuifuata asante.

Mambo mengine aliyonifunza yaandikeni mahali. Karatasi za huku kwetu hunywa unyevu wa bahari hata zikiwa ndani ya risma, bunda bado limefungwa; usipozipepea kwanza zitaingia mbilimbili, na mtoto mmoja atapewa mtihani mweupe. Kabati la karatasi liwe na balbu inayowaka chini. Mashine haiachwi na mtihani juu yake hata kama adhana imekuita; funga mlango, ondoka na ufunguo, Mungu anajua uko kazini. Karatasi iliyoharibika kabla ya mtihani kufanywa haiendi popote isipokuwa kwenye moto, na mwalimu wa somo asimame pale mpaka iwe jivu. Mtihani ukishafanywa, nakala zilizobaki ni karatasi kama karatasi nyingine. Mkuu aliruhusu tuzichukue, nami nilizichukua, kwa kuwa binti yangu Zaituni anauza karanga na kashata pale Dunda, na karanga zinataka kufungiwa.

Sasa lile la kutojua. Mtu hawezi kulizungusha neno moja mara mia nne kila muhula likabaki geni kwake. Mtihani wa Kiingereza, aje mwalimu huyu aende yule, ulikuwa na fungu lilelile: sentensi mbili, na neno moja la kuziunganisha. Na ng'ambo ya ukuta wangu walikuwepo Kidato cha Pili, mwalimu akiwapigia kelele maneno hayohayo. Macho yakiona, masikio yakisikia, nikajikuta nina maneno kama kumi na tano ya watu, wala sina pa kuyapeleka.

Niliyaelewa kwa njia yangu. "Although" akiingia mlangoni, "but" abaki nje. Sisi tunasema ingawa mvua inanyesha lakini nitakwenda, na hakuna aliyekufa. Mwingereza hataki wawili kwa kazi moja. "Unless" ameshabeba "si" tumboni, usimtwishe nyingine kichwani. "Neither" na "nor" ni doti moja ya kanga, ukiwatenga unabaki na kipande cha kufungia mtoto. "In spite" hatembei bila "of", na ndugu yake "despite" huyo "of" hataki kumwona. "Except" ndiye anayemtoa mmoja kwenye kundi: wote walikwenda isipokuwa Hamisi. Kila mwaka Hamisi ndiye haendi. Sijui aliwakosea nini.

Sikumwambia mtu, hata Mama Anjela. Nilikuwa nimeajiriwa kwa kutojua. Kusema ninajua ingekuwa kujiandikia barua ya kuacha kazi. Na kule kutojua kulinisitiri. Mwaka mmoja mwalimu wa somo jingine alikuja na soda mkononi, ananiambia mpwa wake yuko Kidato cha Nne, anaomba nimdokeze tu fungu la mwisho linahusu nini. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi naona wadudu weusi tu. Muulize aliyewaandika." Akaondoka na soda yake. Nilikuwa na kiu siku ile.

Mama Anjela alistaafu, akarudi kwao bara. Stensili zikaisha madukani, ikaja kompyuta, ikaja mashine ya kopi. Mashine ya mkono ikasukumwa stoo, na mimi nikafundishwa kubonyeza. Kuhakiki niliendelea kwa vidole viwili. Walioniona walidhani ni uzee.

Katikati ya mabadiliko hayo alikuja Mwalimu Tobiasi wa Kiingereza. Kijana wakati ule, shati limechomekwa, viatu vinang'aa mpaka vumbi linaona haya. Nitamsema kwa haki: hakuna aliyelinda bahasha kama yeye. Alikuja nayo mwenyewe, akakaa kitini mpaka ya mwisho itoke, akazihesabu, akasimama kwenye moto moshi ukimtoa machozi. Alikuwa na upungufu mmoja. Baada ya miaka kadhaa niliona vidole vyangu vinapita kwenye njia vinayoijua. Sentensi ni zilezile. Alikuwa akibadili majina tu: Juma anakuwa Asha, mjini kunakuwa Makurunge, daktari anakuwa mwalimu. Mwaka unaofuata Asha anarudi kuwa Juma. Nikanyamaza. Mtu asiyejua Kiingereza atasemaje kwamba maswali yamejirudia?

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mjukuu wangu Rehema, mtoto wa Zaituni, alikuwa Kidato cha Nne hapohapo shuleni. Hesabu alizipenda. Kiingereza kilimshinda, na kwenye fungu lile la kuunganisha sentensi alipata nne kati ya ishirini. Jioni moja nachagua mchele uani, Zaituni akaja akachuchumaa karibu yangu, sauti ameishusha.

"Mama, mtihani wa majaribio wa kina Rehema unachapwa kwako?"

"Kwangu wapi? Unachapwa shuleni."

"Sikuombi karatasi. Maneno tu. Nitajie maneno matano yatakayokuja, mtoto ayapitie."

"Siyajui."

"Mama! Mtu uliyezungusha mashine tangu mimi sijaota meno?"

"Nilizungusha mkono, sikuzungusha ulimi."

"Haya. Akifeli akaja kuuza karanga na mimi, usiniulize."

"Karanga zimekukosea nini mpaka unazitukana? Toka kwenye mchele wangu, unanizibia mwanga."

Rehema alikuwa anafua nyuma ya ukuta wa makuti. Nilijua amesikia, kwa sababu kufua kulinyamaza. Sikumuuliza. Nilichokiona ni kwamba kuanzia wiki ile Zaituni alianza kulalamika kuwa karatasi zake za kufungia zinapungua, akalaumu panya, akatega sumu.

Siku nyingine nimekaa na Zaituni kwenye meza yake, dereva mmoja wa bodaboda akanunua karanga, akala, akakunjua karatasi.

"Bibi, shikamoo. Leo karanga zangu zimekuja na mtihani. Hivi 'unless' ndiyo nini?"

Nikatazama pembeni. Rehema, amepiga magoti anapuliza jiko la kashata, akajibu bila kugeuka: "Ni usipo. Usipolipa, huli!"

"Dah! Na nikilipa?"

"Ukilipa unahamia kwenye 'if', kaka. Pita salama."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilidhani kafundishwa darasani.

Mtihani wa majaribio ulichapwa siku ya Alhamisi. Mwalimu Tobiasi alikuwa na msiba, akaniachia bahasha kwa mara ya kwanza tangu aje, akaapisha mpaka kuta. Nilifunga mlango nikachapa. Saa saba Zaituni akaniletea chakula, akagonga, nikamfungulia aweke sahani. Wakati uleule karatasi ikanasa ndani ya mashine. Nikainama kuivuta, mgongo wangu uko kwake, na rundo la nakala liko mezani. Nilivyoinuka alikuwa bado amesimama pale. Akaondoka. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Wiki mbili baadaye niliitwa ofisini. Madamu Mkuu alikuwa nyuma ya meza. Mwalimu Tobiasi alikuwa amesimama, karatasi za majibu mkononi. Rehema alikuwa ukutani, mikono nyuma. Nikaona kiti kimoja kitupu nikajua ni changu.

"Shikamoo, Bi Tatu," akasema Madamu.

"Marahaba."

Mwalimu Tobiasi alikohoa. "Bi Tatu, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini fungu la kuunganisha sentensi, darasa zima hakuna aliyefika kumi. Huyu muhula uliopita alipata nne. Leo ana kumi na nane. Na aliyechapa ni bibi yake, siku ambayo mimi sikuwepo. Niseme nini?"

"Sema unachotaka kusema, Mwalimu. Usizunguke kama mashine."

"Nasema mtihani umevuja."

Madamu alinieleza taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa dawa kwenye kidonda. Ikithibitika, Rehema atasimamishwa, mtihani wa taifa hataufanya. Mimi nitaandikiwa mashitaka, na imebaki miezi mitatu nistaafu. Nilimsikia, lakini akili yangu ilikuwa kwenye ile sahani ya chakula. Niliuona mgongo wangu nimeinama, na binti yangu amesimama kando ya rundo. Nilijua mimi sikutoa. Ya Zaituni sikuyajua. Nawaambia ukweli: katika kiti kile nilimhukumu mwanangu wa kumzaa.

Nikamgeukia mtoto. "Rehema. Mtihani huu uliuona kabla?"

"Hapana, Bibi."

"Mama yako alikupa karatasi? Alikutajia neno?"

"Hapana. Nilisoma karatasi za karanga."

"Za nini?" Mwalimu Tobiasi akacheka, kicheko cha kukata tamaa. "Madamu, umesikia? Karatasi za karanga!"

"Zile za mitihani ya zamani," Rehema akasema, machozi yanamchuruzika lakini sauti imesimama. "Bibi alipokataa kumwambia mama, niliona haya. Nikazitoa kwenye furushi la mama, nikazinyoosha kwa pasi, nikayajibu maswali yote kwa kufuata daftari la darasani. Mpaka nikazijua kwa moyo."

"Kila mwizi ana hadithi, binti."

Hapo ndipo nilipoomba. "Nipeni karatasi yake, na karatasi ya maswali."

Madamu akanitazama kwa huruma. "Bi Tatu, ni Kiingereza."

"Najua ni Kiingereza. Nipeni."

Nikaziweka mezani, maswali kushoto, majibu kulia. Nikaweka vidole. Sikuwa najua natafuta nini, na niliogopa nitakachokiona kuliko walivyoogopa wao. Namba moja, sawa. Namba mbili, sawa. Namba ya nne vidole vikaachana. Kushoto pameandikwa Asha, kulia mtoto ameandika Juma. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Juma. Namba saba, kushoto Makurunge, kulia mjini. Namba kumi na moja, swali lina mwalimu, jibu lina daktari.

Jibu lilikuwa mbele yangu, ila nisingeweza kulisema bila kusema na lile lingine nililolificha miaka yote ile. Na mhudumu anayejua alichokichapa, ndiye hasa anayeshukiwa. Nikakiacha kidole kwenye namba nne.

"Mwalimu, namba nne kwenye swali lako, aliyekuwa mgonjwa ni nani?"

"Asha."

"Na kwenye jibu?"

Akainama. Akanyanyuka, akainama tena. Alikuwa ameliwekea alama ya vema kubwa. Alikuwa akitafuta kiungo tu, jina hakulitazama. "Juma," akasema.

"Juma katoka wapi?"

Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake.

"Nitakwambia. Katoka kwenye mtihani wako wa mwaka ule upepo ulipoezua bwalo. Mwaka uliofuata ukamfanya Asha. Kisha ukamrudisha Juma, na safari hii umemleta Asha tena. Wote nimewachapa mimi. Huyu mtoto angekuwa na mtihani wako mpya angeandika Asha. Ameandika Juma kwa sababu alisoma wa zamani, akaja akamwaga alichokariri bila kusoma swali, kama mzembe alivyo."

Madamu Mkuu aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo, Bi Tatu, unajua kusoma Kiingereza?"

"Najua maneno ya fungu hili. Ukinipeleka Ulaya nikaombe maji, nitakufa kwa kiu."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe uko Kidato cha Pili ng'ambo ya ukuta wangu, unaambiwa 'although' hatembei na 'but', husikii."

Alisoma hapahapa, mwajua. Akaziba mdomo kwa mkono. "Na miaka yote hukusema."

"Niliajiriwa ili nisiseme."

Alimtuma karani aende nyumbani na Rehema, waje na furushi, mtoto asiliguse njiani. Walirudi nalo limefungwa kwa kipande cha kanga. Karatasi zilikuwa zimenyooshwa moja moja, nyingine zina mafuta, nyingine zina sukari ya kashata imeganda. Madamu alizipitia mwenyewe. Ilichukua muda. Akaitoa moja iliyotoboka pembeni, akaisoma, akampa Mwalimu Tobiasi. Juma alikuwemo, mjini kulikuwemo, daktari alikuwemo. Mwalimu Tobiasi akaitazama tarehe, akaitazama sahihi yake ya chini, akakaa. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu yule amekaa bila kuvuta suruali kwanza magotini.

"Madamu," akasema, "makosa ni yangu."

"Sahihisha upya hii karatasi."

Akachukua kalamu nyekundu, akakata tatu. Kumi na nane zikawa kumi na tano. Rehema akaruka kutoka pale ukutani. "Lakini Mwalimu, viungo vyote nilipata! Ni majina tu—"

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Mwalimu, kata zote, na mkono wako ubarikiwe. Ukiona ya nne, kata nayo."

Sijawahi kushukuru uzembe wa mtoto kama siku ile. Nilitoka ofisini, nikapita uwanja wa mpira, nikakaa kwenye ngazi ya stoo ambako ile mashine ya mkono imefunikwa gunia. Kitu nilichokibeba miaka yote ile kilikuwa kimetoka, na hakuna aliyenifukuza. Nilicheka peke yangu. Mpishi akapita akauliza, "Bi Tatu, kuna nini?" Nikamjibu, "Hakuna kitu," na lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Mwalimu Tobiasi alinifuata pale. "Bi Tatu, tusameheane. Ni kazi." Nikamwambia tumeshasameheana. Wala sikumwona mbaya. Angeona mtoto amepata kumi na nane ghafla akapita bila kuuliza, ningemwona hafai kushika bahasha. Mtihani wake uliofuata, wa mwisho kuuchapa mimi, sikuutambua hata sentensi moja. Vidole vilitembea kama vimeshuka mji mgeni. Nilifurahi sana, nikamwonyesha makosa mawili. Rehema aliingia mtihani wa taifa na wenzake, na mwezi uleule nikakabidhi ufunguo ambao sasa mnao ninyi.

Limebaki la nyumbani. Jioni ile ya ofisini nilimwita Zaituni akae mkekani.

"Leo nilikushuku," nikamwambia.

"Mimi, Mama?"

"Wewe. Siku ile ulipoleta chakula, mashine ikanasa."

Akavuta kanga begani, akaifunga upya, akaifungua. "Mama, lile rundo nililiona. Lilikuwa karibu hivi. Nikageuka nikatazama ukuta mpaka ukamaliza kuvuta karatasi yako. Niliyaogopa macho yangu."

Nilimwambia, "Nimekosa, mwanangu." Hilo neno silitumii hovyo, naye anajua, akalipokea kwa kichwa tu. Kisha hasira yake, kwa kuwa kwangu haikupata pa kukaa, ikatafuta kwingine. Akasema huyo Tobiasi asitie mguu mezani kwake, karanga hamuuzii hata ganda, na akimkuta njiani atatazama baharini. Rehema naye akadakia kwamba yeye atavuka upande wa pili wa barabara. Mumewe Zaituni, ambaye kwa kawaida hana maoni mpaka chakula kiive, akasema na yeye pia.

Niliwatazama wote watatu. Nikawaambia: "Mwalimu Tobiasi akipita hapa kesho apewe shikamoo yake nzima, anaangaliwa usoni. Ambaye mdomo wake utakuwa mzito, akae ndani mpaka uwe mwepesi."